"Urudufu" na "Utumizi Tena" katika Programu za Tovuti

Tumeona kwamba katika maandishi ya kompyuta neno "kurudia" hutumika kwa dhana mbili zinazopingana. Yafaa zitenganishwe, kwani moja ni kasoro na nyingine ni dawa yake.

Kiolesura cha tovuti, yaani sehemu anayoiona na kuigusa mtumiaji, hujengwa kwa vijenzi, kama vile kitufe au kisanduku cha kuandikia jina. Tuchukue kitufe cha "Tuma". Mwandishi wa programu akinakili msimbo wake katika fomu 10, kasoro moja huwa 10. Akisahihisha 9, iliyobaki humngoja mwananchi. Hali hiyo tunaiita urudufu, neno ambalo watumishi wa ofisi walilizoea katika mashine za kurudufu nyaraka. Bali kitufe kikiandikwa mara moja, na kila fomu ikakichukua hapo, sahihisho moja huenea kote. Huo ndio utumizi tena. Maktaba ya React, iliyotolewa kwa umma mwaka 2013, inafuata wazo hilo la vijenzi.

Hata hivyo, kufanana si kuwa kitu kimoja. Kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa hakipokei siku ambayo haijafika. Cha tarehe ya safari hakipokei siku iliyopita. Kuviunganisha bila kutenga kanuni zake ni kuondoa urudufu na kuleta utata.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi hizi mbili zisichanganywe. Mwanafunzi anayeambiwa "rudia" na "usirudie" katika ukurasa mmoja hana lawama akipotea.