Programu huru za kuhesabu uzito wa molekuli

Padri kijana akifika katika shule ya parokia, mara nyingi apewa somo lisilo na mwalimu. Alijitayarisha kufundisha dini na Kifaransa, naye akabidhiwa kemia. Ndivyo ilivyotupata sisi, na mafrateri wengi wanaosoma ukurasa huu itawapata vilevile. Basi, wapenzi wasomaji, twataka leo kueleza kazi moja ndogo ya somo hilo, ndiyo kuhesabu uzito wa molekuli. Tena tutaonyesha namna kompyuta iwezavyo kutusaidia katika kazi hiyo, pasipo kutupoteza, na pasipo sisi wenyewe kuingia katika wizi.

1. Uzito wa molekuli ni nini?

Vitu vyote tunavyovishika vimefanyizwa kwa atomi. Atomi zikiungana, zafanya molekuli. Molekuli moja ya maji ina atomi mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni, kwa hiyo twaiandika H2O. Lakini atomi ni ndogo mno, hata mizani ya duka la dawa haiwezi kuipima moja moja. Ndiyo sababu wataalamu hulinganisha atomi na atomi: hii ni nzito mara ngapi kuliko ile?

Mwingereza John Dalton alijaribu kazi hiyo zamani. Katika kitabu alichokichapa mwaka 1808 aliipa hidrojeni uzito wa 1, na oksijeni uzito wa 7. Leo twajua ya kuwa oksijeni yakaribia 16. Alipotea wapi? Vipimo vya siku zile havikuwa safi, ni kweli. Lakini kosa kubwa ni kwamba alidhani molekuli ya maji ina hidrojeni moja tu. Alijumlisha vizuri juu ya fomula mbaya. Tulishike neno hilo, maana tutalirudia.

Mwaka 1860 wanakemia wa nchi nyingi walikutana Karlsruhe, Ujerumani, na hapo fundisho la Mwitalia Stanislao Cannizzaro liliwasaidia kupatana juu ya uzito wa atomi. Tangu mwaka 1961 kipimo cha wote ni kaboni 12.

Sasa tuhesabu. Hidrojeni ni 1,008; mbili ni 2,016. Oksijeni ni 15,999. Jumla yake 18,015. Huo ndio uzito wa molekuli ya maji. Na ukipima grama 18,015 za maji, umepata kile ambacho wanakemia wakiita moli moja.

2. Kompyuta yafanya nini?

Yafanya kama mweka hazina wa parokia siku ya Jumapili. Kwanza atenga noti kwa aina: za mia tano hapa, za elfu moja pale. Kisha ahesabu kila fungu, azidisha kwa thamani ya noti, mwisho ajumlisha yote. Programu nayo ina orodha ya elementi na uzito wa kila moja. Yasoma fomula uliyoiandika, yatambua alama, yahesabu atomi za kila aina, yazidisha, yajumlisha. Ikikuta mabano, yafanya kwanza hesabu ya ndani, kisha yazidisha kwa tarakimu iliyo nje.

Tutwae malakiti, lile jiwe la kijani la Katanga. Fomula yake ni Cu2CO3(OH)2. Programu yatoa 221,11 papo hapo. Katika uzito huo shaba ni 127,09, ndiyo kusema kilo moja ya malakiti safi ina karibu grama 575 za shaba. Mwanafunzi ambaye baba yake achimba mawe hayo ataelewa mara moja faida ya hesabu hii. Akiambiwa na mnunuzi ya kuwa jiwe halina kitu, ataweza angalau kuuliza swali.

3. Ya bure na iliyo huru

Lugha yetu ina maneno mawili, nayo yatusaidia kupambanua. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa. Kitu kilicho huru ni kile kisichofungwa. Programu yaweza kuwa ya bure lakini imefungwa: waitumia, lakini huruhusiwi kuona ndani yake wala kumpa mwenzako.

Mmarekani Richard Stallman alianzisha mwaka 1983 kazi iitwayo GNU, kusudi watu wapate programu zilizo huru. Uhuru huo una sehemu nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuchunguza ginsi ilivyotengenezwa, kuwagawia wengine, na kuibadilisha na kuwapa wengine ile uliyoibadilisha. Mwaka 1989 ilitolewa leseni yake, GPL, inayolinda uhuru huo.

Kwa kazi yetu twataja mbili. Ya kwanza ni Kalzium. Yaonyesha jedwali la elementi zote. Ukigusa elementi moja, wapata habari zake. Tena ina mahali pa kuandika fomula na kupata uzito. Yafaa sana kwa shule. Ya pili ni Open Babel. Jina lake latukumbusha mnara wa Babeli, na kwa haki, maana kazi yake kubwa ni kutafsiri molekuli kutoka namna moja ya kuandika hata nyingine, nazo namna hizo zapita 100. Pamoja na hayo yahesabu uzito. Hiyo yafaa zaidi kwa mwalimu kuliko kwa mwanafunzi. Zote mbili, zikisha kuwekwa katika kompyuta, zahesabu pasipo intaneti.

Kwa nini twasisitiza uhuru? Kwanza, kwa ajili ya haki. Twajua nyumba ambamo programu za kuuzwa zimenakiliwa kwa siri, na mwalimu aliye mkali juu ya wizi wa kalamu hasemi neno. Lakini amri ya saba haikuachwa mlangoni pa chumba cha kompyuta. Programu huru yaweza kunakiliwa kwa wanafunzi wote mchana kweupe, na shule maskini yabaki na dhamiri safi.

Pili, kwa ajili ya ukweli. Uzito wa atomi hurekebishwa na wataalamu kadiri vipimo vinavyoboreka. Zinki, kwa mfano, ilikuwa 65,409. Tangu mwaka 2007 ni 65,38. Kama programu imefungwa na ni ya zamani, huwezi kujua yatumia orodha gani. Kama iko huru, mwenye ujuzi aweza kufungua, kuona na kusahihisha.

4. Makosa ambayo programu haiyaoni

Kwanza, herufi kubwa na ndogo. Co ni kobalti, madini ya Kolwezi, uzito 58,933. CO ni kaboni moja na oksijeni moja, uzito 28,010, ile hewa mbaya itokayo katika mbabula na kuwaua watu waliofunga madirisha usiku. Herufi moja yatenga madini na kifo. Ukikosea, mara nyingi programu haitakukemea. Itahesabu tu ulichoandika.

Pili, maji yaliyofichwa. Hapa tuungame kosa letu. Siku moja tuliwatayarishia wanafunzi lita moja ya mrututu, nguvu yake moli 0,1. Tuliandika CuSO4, tukapata 159,60, tukapima grama 15,96. Matokeo ya jaribio yalikataa kupatana na kitabu. Tuliwalaumu vijana, tukasema hawakupima vema, tukawarudishia kazi. Jioni tulisoma upya karatasi ya chupa. Mrututu ule wa buluu wabeba ndani yake molekuli tano za maji, CuSO4·5H2O, na uzito wake ni 249,68. Ilitupasa kupima grama 24,97. Tuliwapa vijana maji yaliyopungukiwa zaidi ya theluthi moja ya nguvu. Kesho yake tuliwaomba radhi mbele ya darasa. Hesabu ya kompyuta ilikuwa safi. Fomula yetu ndiyo ilikuwa mbaya, kama ya Dalton. (Programu ikikataa ile nukta ya katikati, andika CuSO4(H2O)5.)

Kosa la namna hii laweza kuwa kubwa kuliko alama za mtihani. Kinini ilipatikana mwaka 1820 kutoka katika ganda la mti wa kinkina, mti uliopandwa hata katika milima ya Kivu. Kinini yenyewe, C20H24N2O2, ni 324,42. Lakini mara nyingi dawa huwekwa kama chumvi, sulfati ya kinini pamoja na maji yake: mna molekuli mbili za kinini katika uzito wa 782,95. Kwa hiyo miligramu 100 za chumvi hiyo zina karibu miligramu 83 tu za kinini. Asiyejua tofauti hiyo asiguse vipimo vya dawa. Hiyo ni kazi ya mganga na ya mtaalamu wa dawa. Sisi twafundisha tu kwa nini wao husoma karatasi ya chupa mara mbili.

Tatu, uzito wa namna mbili. Programu kadhaa zatoa tarakimu mbili kwa fomula moja. Kwa chumvi ya mezani, NaCl, utaona 58,44 na 57,96. Ya kwanza ni wastani, maana klori ya duniani ni mchanganyiko wa atomi nyepesi na nzito. Ya pili yahesabu atomi zile zilizo nyingi tu, kila moja kwa uzito wake halisi. Mbele ya mizani, tumia wastani siku zote.

5. Shauri letu

Mwalimu awafundishe vijana kuhesabu kwanza kwa kalamu: maji, chumvi, malakiti. Wakisha kuzoea, awaonyeshe programu, nao walinganishe. Jibu la kompyuta likiachana na la kalamu, wasikimbilie kufuta. Watafute kosa liko wapi. Na kabla ya kugusa kibodi, kila mmoja aseme kwa sauti: ndani ya chupa hii mna kitu gani? Swali hilo halijibiwi na programu yoyote, huru wala iliyofungwa. Lajibiwa na yule anayesoma karatasi ya chupa kwa makini, naye ndiye atakayejibu kwa matokeo yake.