Mhasibu wa kulipwa: Busia mbili, majibu mawili

BUSIA – Mji una jina moja pande zote mbili, lakini sheria za kodi ni mbili. Mfanyabiashara anayenunua mahindi na maharage Uganda na kuyauza Kenya hushika shilingi za aina mbili kwa siku moja, pamoja na risiti chache na ujumbe mwingi wa simu. Biashara ikikua, swali huja: aendelee kuandika mwenyewe usiku, au amlipe mtu wa nje amtunzie hesabu?

Wengi huamua kwa uchovu, au kwa kuwa jirani naye ana mhasibu. Afadhali waamue kwa kupiga hesabu.

Tuanze na Uganda. Viwango vya kodi kwa wafanyabiashara wadogo vilivyoanza Julai 2020 vinamtenga mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Anayeuza bidhaa za shilingi milioni 60 za Uganda kwa mwaka bila kumbukumbu hutozwa 400,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 180,000 na asilimia 0.6 ya mauzo yanayozidi milioni 50, jumla 240,000. Anaokoa 160,000, yaani kama 13,000 kwa mwezi. Mhasibu wa bei hiyo utamtafuta sana. Kwa mtu huyu, daftari la mauzo na manunuzi linaloandikwa kila jioni linatosha. Akitaka msaada, amlipe mtu mara moja tu kwa mwaka, wakati wa kuwasilisha ritani.

Vuka mpaka, na hesabu inageuka. Tangu Julai 2023, Kenya inatoza asilimia 3 ya mauzo kwa wanaouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Kodi hiyo haitazami faida, na hapo ndipo muuza nafaka huumia, maana faida yake kwa gunia ni nyembamba. Tuseme anauza bidhaa za milioni 3, na baada ya kutoa bei ya mzigo, usafiri, wapakuzi na pango la ghala anabaki na 250,000. Kodi ya mauzo ni 90,000. Zaidi ya theluthi ya faida imekwenda.

Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna kwamba hataki kodi hiyo, atozwe kodi ya mapato ya kawaida. Kama hana mapato mengine, 250,000 hutozwa asilimia 10, yaani 25,000, na nafuu ya kibinafsi ya 28,800 kwa mwaka inaifuta yote. Hata akimlipa mhasibu 4,000 kwa mwezi, sawa na 48,000 kwa mwaka, bado 42,000 zinabaki mfukoni mwake.

Ila gharama lazima zithibitishwe. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi Kenya, isipokuwa zilizosamehewa, zikiwamo bidhaa zilizoingizwa kutoka nje, ambazo ushahidi wake ni hati za forodha. Mzigo usiozidi dola 2,000, ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Aliyepitisha magunia njia za panya hana karatasi ya kumpa mhasibu, hata mhasibu awe stadi namna gani.

Kuna kazi ambayo haikabidhiki. Aliye ofisini hawezi kujua ulibadilisha fedha kwa kiwango gani asubuhi ile, wala kwamba magunia mawili yalilowa mvua. Hayo uyaandike wewe, siku hiyo hiyo. Mhasibu anapanga ulichomletea. Ukimletea mfuko wa risiti zilizofifia, unamlipa abahatishe.

Jambo lingine ni nenosiri. Wapo wanaoandikisha barua pepe na namba zao za simu kwenye akaunti ya kodi ya mteja, na onyo la mamlaka likija, mwenye biashara halioni. Akiwa mpwa wako aliyesomea biashara, ndiyo kabisa, aibu ya kumuuliza hukufunga mdomo. Muulize. Mbele ya mamlaka, mdaiwa ni wewe. Nakala za hesabu zikae kwako pia, kwa kuwa nchi zote mbili zinataka zitunzwe miaka 5.

Mkikubaliana, andikeni malipo ni kiasi gani, na nani atalipa faini ritani ikichelewa. Kenya, ya kodi ya mauzo hutakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata; ya mapato ya mwaka, kufikia 30 Juni.