KABLA HUJAVUTA KAMBA YA MOTA
Mashine ya kukata inaokoa, lakini inaweza pia kuua

Tuanze na swali. Tuseme boti imepinduka hapa mbele ya Kasenyi, tumbo juu. Watu wa pwani wanakimbia, mitumbwi inasukumwa majini. Wanapofika karibu wanasikia mtu anagonga ndani: ko, ko, ko. Yu hai! Kijana mmoja anakumbuka kwamba kwa fundi wa boti kuna msumeno wa mota, ule wa kupasulia mbao. Anapiga kelele: "Leteni mashine, tutoboe!" Wewe ungesema nini?

Wengi wetu tungesema: "Lete, upesi!" Tungesema hivyo kwa upendo. Kumbe jibu hilo limekwisha kuleta msiba.

Tulichojifunza kwa jirani

Tarehe 21 Mei 1996, meli MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu na mji wa Mwanza, Tanzania. Ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake. Baada ya kupinduka haikuzama mara moja. Tumbo lake lilibaki juu ya maji, na watu waliokuwa ndani walisikika wakigonga chuma. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imefungwa ndani ikatoka kwa tundu lile, maji yakapanda, meli ikazama. Katika msiba ule walikufa watu zaidi ya 800.

Hao waliotoboa hawakuwa watu wabaya. Walitaka kuokoa. Lakini hewa ile ndiyo iliyokuwa inaishika meli juu, na ndiyo waliyokuwa wanaipumua wale wa ndani.

Mkitaka kuona jambo hili kwa macho, fanyeni na watoto nyumbani. Chukua chupa ya plastiki, ikate chini, acha kifuniko kimefungwa. Izamishe katika beseni la maji, upande uliokatwa ukiwa chini. Utasikia maji yanakataa kuingia, chupa inasukuma mkono wako. Sasa fungua kifuniko. Fyuu! Hewa inatoka, maji yanapanda hadi juu. Ndivyo ilivyokuwa.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka katika ziwa lile lile, karibu kabisa na kisiwa cha Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Lakini tarehe 22, siku ya tatu, wapiga mbizi walimkuta fundi wa mitambo yu hai. Alikuwa amejificha mahali palipobaki hewa. Walimfuata kwa kupita chini ya maji, wakamtoa.

Sisi wa Ziwa Albert tusiseme mambo haya ni ya mbali. Tarehe 22 Machi 2014, boti iliyobeba wakimbizi Wakongo waliokuwa wanarudi nyumbani kutoka Uganda ilipinduka katika ziwa hili letu. Zaidi ya watu 100 walikufa.

Basi, boti ikipinduka, fanya hivi. Kwanza okoa wale walio juu ya maji. Msipande wengi juu ya tumbo la boti, mtaisukuma chini. Gonga, umjibu aliye ndani, ajue hayuko peke yake. Fungeni boti kwa kamba na mitumbwi mingine pande zote mbili, isizidi kushuka. Halafu mtafuteni mpiga mbizi anayejua kazi, akiwa amefungwa kamba, apite chini. Boti ya mbao inaelea pia kwa sababu ya ubao wake, lakini hewa ya mtu aliyefungiwa ni ile ile kidogo. Usiitobolee njia ya kutoka.

Pale ambapo kukata ni lazima

Kuna siku nyingine mashine inahitajika kweli. Lori limeanguka kwenye mteremko wa kushuka kutoka Bogoro, dereva amebanwa miguu. Nyumba imebomoka, vyuma vya zege vimefunga njia. Hapo msumeno wa mota unaweza kufanya kwa dakika chache kazi ambayo msumeno wa mkono ungefanya kwa saa nzima.

Lakini misumeno ni aina mbili, tusichanganye. Wa mnyororo ni wa mbao. Ukiupeleka kwenye chuma, meno yanakwisha na mnyororo unaweza kukatika na kumrukia mtu. Wa diski ndio wa chuma na zege, nao una diski ya chuma na diski ya zege, kila moja kwa kazi yake.

Kabla ya kuvuta kamba, jiulize mambo matano:

1. Je, kuna esanse iliyomwagika? Diski ikigusa chuma inatoa moto mwingi wa cheche. Kama unasikia harufu ya esanse, usiwashe mota. Tumia msumeno wa mkono, mtarimbo na jeki, hata kama ni polepole. Toa waya wa betri ya gari, ule wa hasi kwanza.

2. Je, gari limetulia? Weka mawe au magogo chini ya magurudumu na ubavuni. Ukikata chuma kimoja, uzito wote unaweza kuhama na kumwangukia yule unayemwokoa.

3. Je, mgonjwa amefunikwa? Mfunike kwa blanketi lililoloweshwa, na uso pia, lakini aachiwe nafasi ya kupumua. Mtu mmoja akae karibu na kuzungumza naye. Kelele ya mashine ile inatisha hata mtu mzima.

4. Je, wewe umevaa nini? Miwani ya kazi, kofia ngumu, glovu, viatu vigumu, kitu cha kuziba masikio. Ndala hapana. Shati linalopepea hapana.

5. Je, maji au mchanga uko tayari? Ndoo mbili karibu, na mtu wa kuzishika.

Ukianza kukata, shika kwa mikono miwili na usimame kando kidogo, mwili usiwe katika mstari wa diski. Usikate kwa robo ya juu ya mbele ya diski: hapo ndipo mashine inarudi nyuma kwa nguvu usoni. Msumeno wa mnyororo nao unarudi hivyo ukigusisha ncha yake. Usiinamishe diski ndani ya mkato, na usikate kwa ubavu wake. Kila dakika chache zimeni mota, mkae kimya, msikilize. Chini ya kifusi, sauti ndogo ndiyo inayowaonyesha mahali mtu alipo.

Onyo kwa watu wa machimbo

Hapa, ninyi wachimba dhahabu, kapita na PDG wa mashimo, msome mara mbili. Shimo likiporomoka na mti wa kuzuia ukambana mtu, usishuke na mota ya esanse. Usiiteremshe kwa kamba. Moshi wake una hewa ya sumu inayoitwa monoksaidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu anasikia kichwa kinauma, miguu inalegea, analala. Anayeshuka kumfuata analala juu yake. Ndiyo maana unasikia watu watatu au wanne wamekufa katika shimo moja bila udongo kuwaangukia. Pampu ya maji iliyowekwa ndani ya shimo inaua vilevile, na jenereta ndani ya nyumba pia.

Chini ya shimo, tumia msumeno wa mkono na shoka. Mota ibaki juu, mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo hauleti moshi kwenu.

Hata wakubwa wa kazi hii wanajua hilo. Mkasi mkubwa wa kukatia magari, uliotokana na kazi ya Mmarekani George Hurst, unasukumwa na oili yenye nguvu inayopita katika mpira mrefu. Mota inaweza kukaa mbali, mkasi tu ndio unaomkaribia mgonjwa. Mpira ule ukivuja, usipapase kwa mkono: oili inaweza kupenya ngozi kama sindano.

Mashine isiyotunzwa ni mzigo

Mara nyingi mashine inakutwa imelala nyuma ya magunia, chujio limejaa vumbi, buji nyeusi, tangi lina esanse ya mwaka jana. Siku ya msiba watu wanavuta kamba mpaka bega linauma, haiwaki.

Misumeno hii mingi ina mota ya mapigo mawili, ambayo oili yake inachanganywa na esanse. Kipimo cha mashine nyingi za siku hizi ni sehemu 50 za esanse kwa 1 ya oili: bido la lita 5 linataka oili mililita 100. Soma kitabu cha mashine yako, kwa sababu nyingine zinataka zaidi. Ukisahau oili, mota inashika siku hiyo hiyo. Ukinunua esanse kwa Kadhafi wa barabarani, imimine kwanza katika chupa nyeupe, iache itulie. Maji yakiwamo yatakaa chini, utayaona. Ichuje. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usiutumie. Usijaze tangi mota ikiwa moto, na kabla ya kuwasha sogea hatua kadhaa kutoka mahali ulipojazia.

Diski nayo ina sheria zake. Juu yake imeandikwa mwendo wa juu inaoweza kuvumilia. Mwendo huo usiwe chini ya ule wa mashine. Ukingo wa diski nyingi za kazi hii umetengenezwa kuvumilia hadi mita 100 kwa sekunde, yaani kilomita 360 kwa saa! Ikivunjika, kipande chake ni kama risasi. Kwa hiyo diski iliyoanguka, yenye ufa, iliyolowana au iliyopita tarehe yake, ivunje uitupe. Usiseme "bado nzuri". Ziweke zimelala, mahali pakavu, mbali na esanse. Ukifunga diski mpya, izungushe bila kukata kwa dakika moja, watu wakiwa wamekaa kando. Na kile kifuniko cha chuma juu ya diski, usikitoe kamwe.

Vijana, hii ni kazi yenu

Msamaria mwema alipomkuta yule aliyejeruhiwa njiani hakuwa na huruma tupu. Alikuwa na mafuta, divai na punda. Upendo wake ulikuwa na vyombo, na vyombo vilikuwa tayari.

Kikundi cha vijana cha parokia kinaweza kufanya hivi: kuandika orodha ya nani ana msumeno, jeki, mtarimbo na kamba ndefu, kuomba fundi awafundishe, na Jumamosi moja ya kila mwezi kuwasha mashine nje kwa dakika chache, kusafisha chujio na kukaza mnyororo. Asiyefundishwa asiguse. Aliyekunywa asiguse, hata kama mashine ni yake.

Na siku boti itakapopinduka, awepo mmoja mwenye moyo wa kusema mbele ya kelele zote: "Ngojeni. Hapa tusitoboe. Leteni kamba." Labda watamtukana. Lakini yule anayegonga ndani ya boti atapata nafasi ya kuishi.

MAZUNGUMZO YA NYUMBANI
- Kwetu nani ana mashine ya kukata, na iliwashwa lini mara ya mwisho?
- Ni nani kijijini anayejua kupiga mbizi?
- Baba au kaka anayefanya kazi machimboni ameambiwa habari ya mota ndani ya shimo? Mwambieni leo.