Ndege ya Kusomea na Ndege ya Kutahiniwa

Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2018, mwanafunzi wa urubani wa Chuo Kikuu cha Embry-Riddle, mjini Daytona Beach, Florida, alipaa na mtahini wake kufanya mtihani wa vitendo wa leseni ya rubani wa biashara. Walikuwa kwenye Piper Arrow, ndege ya injini moja yenye magurudumu yanayokunjwa. Waligusa ardhi, wakapaa tena, na wakiwa bado wanapanda, bawa la kushoto likachomoka. Wote wawili walifariki.

Ndege hiyo haikuwa kikongwe. Iliundwa mwaka 2007. Ila ilikuwa imeruka zaidi ya saa 7,600 za kazi ya mafunzo, nayo kazi hiyo ni kupaa na kutua kutwa nzima, chini chini ambako hewa hutikisa, huku usukani ukiwa mikononi mwa watu ambao kutua kwenyewe ndiyo kwanza wanakujifunza. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, walikuta nyufa za uchovu wa metali kwenye mhimili mkuu wa bawa. Baadaye FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, iliamuru maelfu ya ndege za jamii hiyo zikaguliwe mhimili.

Kwa nini mwanafunzi yule alitahiniwa kwenye Arrow na si Cessna ya kawaida? Kwa sababu sheria ilitaka hivyo. Kwa miaka mingi, aliyetaka leseni ya biashara ya injini moja Marekani alilazimika kupeleka kwa mtahini ndege yenye vitu vitatu: magurudumu yanayokunjwa, flapu, na propela ambayo rubani anaweza kubadilisha ulalo wa panga zake angani. Hoja ilikuwa kwamba anayetaka kulipwa kwa kurusha ndege aonyeshe kuwa anamudu chombo chenye mambo mengi.

Hoja haikuwa mbaya, ila viwanda viliihama. Cessna ilisimamisha utengenezaji wa ndege ndogo za pistoni mwaka 1986, na iliporudi sokoni miaka kumi baadaye haikurudi na ile 172 yake ya kukunja magurudumu. Shule zikabaki kugombania Arrow chache na Cessna za miaka ya 1980. Tarehe 24 Aprili 2018, siku 20 baada ya ajali ya Daytona, FAA ilitangaza kuwa ndege ya aina hiyo si lazima tena katika mtihani. Sababu iliyotajwa ni uhaba: zilizobaki zilikuwa chache, nyingi zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 35. Kuanzia tarehe 27 Agosti mwaka huohuo, hata zile saa 10 za mafunzo zilizokuwa lazima kwenye ndege hizo ziliruhusiwa kurukwa kwenye ndege yenye vioo vya kielektroniki, ramani inayotembea na mtambo wa kujiendesha.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu vijana wetu wengi huenda kusomea Marekani, na bado nawasikia wazazi wakiambiwa kuwa mtoto "lazima" alipiwe saa za ndege ya kukunja magurudumu. Si lazima. Akizitaka, azichukue kwa hiari yake, akijua anachonunua.

Na anachonunua, kwa ajira ya kwetu, ni kidogo. Kazi ya kwanza ya rubani mchanga wa Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, Arusha au Zanzibar mara nyingi huwa kwenye Cessna Caravan, akipeleka watalii mbugani au mizigo kwenye viwanja vya vumbi. Caravan haikunji magurudumu. Ina injini ya tabaini, propela ya kubadilika, na zile za miaka ya karibuni zina vioo vya kielektroniki mbele ya rubani. Aliyezoea kusoma vioo hivyo na kupanga njia ndani yake atakuwa na mengi zaidi ya kumwonyesha mwajiri kuliko aliyejifunza kukumbuka kushusha magurudumu.

Hata hivyo, asishawishike mtu kuruka saa zake zote kwenye ndege ya vioo. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka saa 200 kwa leseni ya biashara, au 150 katika kozi iliyoidhinishwa. Marekani hutaka 250, au 190 kwa shule zenye kibali maalumu. Sehemu kubwa ya saa hizo ni za kujijengea mkono: kuruka peke yako, safari za mbali, kutua kwenye viwanja vigeni. Kwa kazi hiyo Cessna 152 yenye geji za mishale inafundisha vilevile, kwa bei ya chini. Picha za matangazo hazipendi kuionyesha, maana si nzuri kwa sura.

Tatizo la 152 kwetu liko kwingine. Uwanja wa Wilson uko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi joto 25, hewa ya pale huwa nyepesi kama ile ya karibu futi 8,000, na injini ya nguvu farasi 110 isiyo na tabo hupoteza karibu robo ya nguvu hizo. Kisha piga hesabu ya uzito. Ndege hiyo ikijazwa mafuta, hubaki takriban kilo 170 kwa watu wawili na mizigo yao. Mwanafunzi wa kilo 85 na mkufunzi wa kilo 85 wameshamaliza. Begi libaki chini, au mafuta yapunguzwe. Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, nguvu zinarudi lakini hesabu ya kilo inabaki ileile.

Hesabu hii ndiyo huwaumbua watu siku ya mtihani. Mwanafunzi amezoea kuruka na mkufunzi mwembamba, kisha anaingia mtahini mwenye mwili wake. Ndege inapanda polepole kuliko ilivyozoeleka, na mahali pa uzito pamehama. Anayeulizwa karatasi ya uzito akatoa ile ya wiki iliyopita amejieleza kabla hajawasha injini. Kwa hiyo, kwa anayesomea nyanda za juu, 172 ya farasi 160 au 180 inastahili gharama yake. Na ukipata ndege ya dizeli kama Diamond DA40 NG, ina faida mbili: tabo haiiachi ihisi mwinuko sana, na inakunywa Jet A-1, mafuta yaleyale ya ndege kubwa. Avgas, inayotumiwa na Cessna na Piper nyingi za mafunzo, haipatikani kila uwanja katika ukanda wetu, na panapopatikana ni ghali.

Mtihani wenyewe una tabia ya kuifichua ndege. Chukua zoezi moja la Marekani: rubani akiwa sambamba na mahali anapotaka kutua, anaondoa nguvu ya injini, anageuka nyuzi 180 na kutua kwenye alama aliyoichagua. Anaruhusiwa kupita alama kwa futi 200, lakini asiguse kabla yake. Arrow ikishusha magurudumu huanguka kwa kasi, hivyo rubani hugeuka mapema. DA40, yenye mabawa marefu, haitaki kushuka. Asiyeijua atapita alama akiwa bado anaelea. Cessna 172 iko katikati, na flapu zake kubwa husamehe mengi. Hakuna iliyo bora kwa zoezi hilo kuliko ile uliyolirudia nayo mara nyingi. Kufanya mtihani kwenye ndege uliyoizoea wiki mbili tu ni sawa na kujifunza gari la otomatiki kisha kutahiniwa kwenye lori la gia.

Kwa hiyo, mzazi, kabla hujalipa ada, uliza ndege ya mtihani ni ipi, shule inazo ngapi za aina hiyo, na mwanao ataruka saa ngapi kwenye ndege hiyohiyo kabla ya siku yenyewe. Shule yenye moja tu itakuchelewesha kila inapoingia karakana, na kila wiki ya kusubiri humlazimu mwanafunzi kulipia saa za kurudisha mkono.

Kisha omba kuona daftari la matengenezo. Shule makini italitoa bila kununa. Usiangalie mwaka wa kuundwa peke yake. Angalia saa ilizoruka, ukaguzi wa mwisho wa kila saa 100, na kama maagizo ya usalama ya aina hiyo ya ndege yametekelezwa na kutiwa saini. Kwa jamii ya Piper PA-28, ambayo Arrow ni mojawapo, ulizia mhimili wa bawa kwa jina. Wakikwepa swali hilo, mpeleke mtoto kwingine.