Siku 183 Hazikutoi Kwenye Kodi

"Mhasibu, nikikaa nje ya nchi zaidi ya siku 183, si nakuwa nimeshatoka kwenye kodi?" Ameniuliza mfanyabiashara wa mashudu ya alizeti ambaye siku hizi analala Namanga zaidi kuliko anavyolala kwake Utemini, hapa Singida. Ameniuliza dada aliyeajiriwa Muscat, ambaye duka lake la vipodozi hapa mtaani linaendeshwa na mdogo wake. Juzi kaja kijana anayetengeneza nembo na tovuti za wateja wa Ulaya, mwezi huu yuko Kigali, mwezi ujao Mombasa, kompyuta iko begani. Wote watatu walikuwa na video ileile kwenye simu: mtu ameketi ufukweni anaeleza kwamba anayesafiri muda mrefu hadaiwi na nchi yoyote.

Jibu ni hapana. Nimechoka kulitoa mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika.

Siku 183 zimo kwenye sheria kweli, na ndiyo maana uvumi huu haufi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura 332, inamhesabu mtu kuwa mkazi wa Tanzania kwa njia kadhaa. Njia mojawapo ni kuwapo nchini siku 183 au zaidi katika mwaka wa mapato, zikijumlishwa zote hata kama hazikufuatana. Narudia: njia mojawapo. Anayekuuzia dawa hii amesoma mstari mmoja akafunga kitabu. Mstari unaoutangulia unasema kwamba mwenye makao ya kudumu nchini, akiwapo nchini sehemu yoyote ya mwaka, ni mkazi wa mwaka huo. Hapo hakuna 183, wala 30, wala 10. Una nyumba Utemini, mkeo na watoto wanaishi humo, nguo zako ziko kabatini. Umekuja Desemba kula sikukuu, au Julai kuzika, ukalala siku mbili ukaondoka. Umekwisha kuwa mkazi wa mwaka mzima.

Kwa karibu kila mtu anayekuja kwangu na swali hili, mjadala unaishia hapo. Ana nyumba, ana familia, na hupita nyumbani. Ila wapo wabishi wasio na nyumba, na wao wana mstari wao. Ukiwapo nchini mwaka huu na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, na wastani wa siku zako katika miaka hiyo mitatu ukazidi 122, wewe ni mkazi. Mtu wa siku 130, kisha 120, kisha 125 hajafika 183 hata mwaka mmoja, lakini wastani wake ni 125. Amenaswa. Wanaodhani watajificha Kenya wajue kwamba sheria ya huko nayo ina vipimo vya aina hiihii, vya makao ya kudumu, 183 na 122. Na tafadhali, siku ulizokaa Zanzibar usizihesabu kama siku za nje. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano na sheria inataja Jamhuri ya Muungano. Kuvuka kwa boti hakukutoi nchini.

Sasa tuseme umefanikiwa. Umepangisha nyumba, familia umeihamisha, mwaka mzima hukukanyaga Tanzania, wewe si mkazi. Hapa ndipo watu wa video wanaponikera kuliko pote, kwa sababu wanauza hasara kwa jina la nafuu. Duka lako la Utemini halikupanda ndege. Linauza Singida, kwa watu wa Singida, kwa hiyo mapato yake chanzo chake ni Tanzania, na asiye mkazi hutozwa kodi kwa mapato yenye chanzo Tanzania. Ulichobadilisha ni kiwango tu, na umekibadilisha kwa hasara yako.

Chukua faida ya shilingi milioni 6 kwa mwaka, baada ya kutoa gharama zote. Mkazi anayetunza hesabu kamili hatozwi chochote kwenye shilingi 3,240,000 za kwanza. Zinabaki 2,760,000, anatozwa asilimia 8, kodi yake ni shilingi 220,800. Asiye mkazi hana kiwango cha kusamehewa wala ngazi za kupanda taratibu. Anatozwa asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza. Duka lilelile, faida ileile, kodi shilingi 1,800,000. Hata utaratibu wa makadirio kwa mfanyabiashara mdogo, ule wa kutozwa kwa mauzo bila kutengeneza mahesabu kamili, umewekwa kwa ajili ya mkazi ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara yenye chanzo nchini. Ukiacha ukazi, unauacha na huo.

Sentensi hiyo ya makadirio irudie, maana inamgusa pia anayebaki kuwa mkazi. Mkazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima. Kijana wa nembo analipwa na mteja wa Berlin akiwa Kigali: ni mapato yake, yanaingia kwenye hesabu ya hapa. Dada wa Muscat, kama watoto wako Utemini na yeye huja kila likizo, mshahara wake wa kule unaingia pia, na kwa kuwa sasa ana mapato yasiyo ya biashara ya hapa, duka lake halikai tena kwenye makadirio. Ananiambia, "Lakini Oman hawakati kodi kwenye mshahara." Hilo halimsaidii. Oman imepitisha sheria ya kodi ya mapato ya watu binafsi mwaka 2025, nayo inaanza Januari 2028. Sheria yetu inampa mkazi unafuu kwa kodi ya mapato aliyolipa nje, ili asilipe mara mbili kwa fedha ileile. Pasipolipwa kitu nje, hakuna cha kupunguza hapa.

Najua linauma. Mtu anatumikia watu ugenini miaka, anatuma fedha nyumbani, halafu mhasibu anamwambia kuna ritani. Lakini bora ulisikie kwangu mapema, riba na adhabu zikiwa hazijaanza kuhesabiwa mwezi kwa mwezi.

Kosa la pili halina ubishi mwingi. Kufunga duka kwa kufuli na kuondoka si kufunga biashara. Namba yako ya mlipakodi bado iko hai, makadirio ya mwanzo wa mwaka bado yanadai awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukiona safari itapunguza mauzo, rekebisha makadirio ndani ya mwaka. Ukiacha biashara kabisa, toa taarifa Mamlaka ya Mapato (TRA) na upate uthibitisho kwa maandishi. Mdogo wako hawezi kuyafanya hayo kwa maneno ya simu, muachie hati ya uwakili iliyosainiwa mbele ya wakili kabla hujapanda basi.

Kuhusu kumbukumbu, nina risiti moja ya mashine ya kodi (EFD) nimeibana ubaoni ili kila mteja aione. Ilitoka Kariakoo, ikasafiri juu ya dashibodi ya Fuso, jua likiipiga njia nzima hadi Singida. Karatasi za mashine hizo huandikwa kwa joto, na jua huzifuta. Imebaki nyeupe, ukiigeuza kwenye mwanga unaona kivuli cha tarakimu mbili na alama ya asilimia. Ilikuwa ushahidi wa mzigo wa mamilioni. Piga picha ya risiti siku hiyohiyo, hakikisha ile namba ya uhakiki inasomeka, itume kwenye barua pepe yako, itunze miaka 5. Anayetunza kumbukumbu hulipa kidogo. Kwa viwango vya makadirio vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 6 ni shilingi 60,000.

Mengine kwa haraka. Anayeagiza mzigo Guangzhou au Dubai kwa kuchangia kontena, dai nyaraka za forodha zinazoonyesha jina lako na thamani ya mzigo wako. Zikibaki kwa jina la wakala pekee, utaonekana unauza bidhaa ambazo hukuwahi kununua, na mauzo yako yote yatasomeka kama faida. Lipa namba iwe ya biashara, usipokee mauzo kwenye laini unayotumia kutuma ada za shule. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, ile inayopokea namba za siri za benki, isafiri nawe na uitumie mara kwa mara, maana ikifungwa ukiwa ughaibuni utahitaji alama za vidole vyako hapa nchini kuirudisha. Unayevusha mali ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye thamani isiyozidi dola 2,000, omba cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale mpakani, usimpe mtu wa kati fedha za ushuru ambao pengine haupo. Uliyekatwa kodi nje, lete hati ya kodi iliyokatwa. Maelezo ya mdomo hayapunguzi kitu. Tanzania ina mikataba ya kuepuka kutozwa kodi mara mbili na nchi 9: Afrika Kusini, Denmark, Finland, India, Italia, Kanada, Norway, Sweden na Zambia. Kama nchi unayofanyia kazi haimo, tegemea ule unafuu wa sheria yetu wenyewe.

Na anayeondoka kwa kweli, aliyehama na familia na kupangisha nyumba nzima kwa watu wengine, suala lake hutazamwa kivyake. Huyo aje na mkataba wa upangaji, pasipoti yenye mihuri ya miaka mitatu na mkataba wa kazi, aje kabla ya mwaka kwisha.