Njia haikuishia Ujiji: biashara ya ziara za historia na nafasi ya Fizi na Baraka

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Njia Kuu ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia huko UNESCO. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara karibu na Tabora, na Ujiji. Karatasi inaishia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, lakini misafara yenyewe haikuishia hapo. Ilipakiwa mitumbwini, ikavuka kuja upande wetu wa Kongo, ikaendelea Mtowa, Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Pembe nyingi zilizofika pwani, na watu wengi waliozibeba wakiwa na minyororo shingoni, walitoka huku.

Nusu hiyo ya njia haijaingizwa sokoni. Ng'ambo ya ziwa, mgeni analipa kiingilio na kupewa mtu wa kumtembeza. Kwetu Fizi, Kivu Kusini, anapita barabara ya Uvira hadi Baraka bila kujua amepita wapi. Kuna biashara hapa, ndogo lakini ya kweli, na inafaa ipimwe kwa hesabu kabla ya kupimwa kwa matumaini.

Tuanze na mahali ambapo kazi hii imezoeleka. Ziara ya siku moja ya Kaole na Bagamoyo huanzia Dar es Salaam asubuhi. Gari linakwenda kama kilomita 70. Kwanza Kaole: magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, mabaki ya mji uliochipuka karne ya 13. Kisha mji mkongwe wa Bagamoyo wenyewe: Ngome Kongwe, jengo la kupokelea misafara, na Misheni ya Roho Mtakatifu iliyofunguliwa mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone uliwekwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Jioni mgeni amesharudi hotelini Dar.

Hapo penye kurudi ndipo penye ugonjwa wa ziara ya siku moja. Gari ni la Dar, kampuni ni ya Dar, kitanda ni cha Dar. Bagamoyo inabakiwa na kiingilio, ujira wa mwongozaji, sahani ya samaki na labda kinyago kimoja. Mji unaotoa historia yote unapata vipande vidogo vya bei. Anayetaka kuanzisha ziara popote ajiulize kwanza mgeni atalala wapi na atasafiri kwa chombo cha nani.

Kilwa Kisiwani imejibu swali hilo kwa sababu ya jiografia tu. Ni kisiwa. Lazima upande boti Kilwa Masoko, na mwenye boti ni mtu wa pale pale. UNESCO iliingiza Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika urithi wa dunia mwaka 1981, ikaziweka kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, ikaziondoa humo mwaka 2014 baada ya miaka 10 ya ukarabati. Ukarabati nao ni ajira: mafundi wa mawe na chokaa, wabebaji, walinzi. Gedi, karibu na Malindi nchini Kenya, ina somo jingine. Mwaka 1993 ulianzishwa hapo mradi wa Kipepeo, ambamo wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi na kuuza pupa za vipepeo ng'ambo. Majirani walioona msitu kama shamba walilonyimwa wakaanza kuona sababu ya kuulinda. Mradi huo haukungoja mgeni aje kwanza ndipo jirani apate kula, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la busara zaidi katika sekta hii nzima ya pwani.

Sasa tuvuke ziwa.

Tusidanganyane: Fizi haina Kaole. Wabembe, Wabwari na majirani zao walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na nyumba za namna hiyo haziachi kuta za kupigia picha. Hata kazi zao za mikono zilizo maarufu, vinyago vya alunga na sanamu za mababu, nyingi zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Kilichobaki Fizi ni mahali penyewe na habari zake. Kwa mfanyabiashara maana yake ni hii: Kaole fedha inakwenda kwenye mawe, lakini Fizi lazima iende kwa mwongozaji. Yeye ndiye bidhaa. Asipojua kitu, mgeni amelipa kuangalia kilima.

Na cha kujua kipo kingi. Mbele ya Baraka, ng'ambo ya Ghuba la Burton, imelala rasi ya Ubwari. Ghuba lina jina la msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita na mwenzake Speke Aprili 1858 kwa mitumbwi ya kukodi kutoka Ujiji wakielekea Uvira. Burton aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Alikosea, na mwongozaji yeyote wa Baraka anaweza kumwonyesha mgeni mahali rasi inaposhikamana na nchi kavu. Mapadri Weupe walifungua kituo Masanze mwaka 1880 na kingine Kibanga mwaka 1883, miaka ambayo mwambao huu ulikuwa ukiandamwa na wafanyabiashara wa Ujiji kama Rumaliza. Hiyo ndiyo sura ya safari ya watumwa ambayo Bagamoyo haiwezi kuisimulia: kijiji kilichokuwa kikivamiwa, siyo bandari iliyokuwa ikipokea.

Halafu kuna mwaka 1965, ambao ndio mtaji mkubwa wa Fizi duniani. Usiku wa kuamkia 24 Aprili, Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na kutua Kibamba, kwenye mwambao wa kusini wa Fizi, akiwa na kundi dogo la Wakuba. Majina yao ya vita yalikuwa hesabu za Kiswahili: Victor Dreke aliitwa Moja, na Che mwenyewe Tatu. Mwishoni mwa Juni wakashambulia kituo cha umeme cha Bendera, upande wa kusini, wakashindwa. Baadaye mwaka huo mamluki wa Mike Hoare walitua Baraka kutoka ziwani, na mji ukapiganiwa vikali. Tarehe 21 Novemba Wakuba walipanda boti kurudi Kigoma. Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi waliosaidiwa na Wakuba hao, alibaki na msitu. Mwaka 1967 akaunda chama cha PRP, akatawala ngome ya Hewa Bora katika milima hiyo hiyo kwa miaka mingi, na Mei 1997 akawa rais wa nchi.

Watu husafiri hadi Bolivia, kijiji cha La Higuera alikouawa Che mwaka 1967, na wenyeji wa huko kwa sehemu wanaishi kwa fedha za wageni hao. Kibamba haina hata kibao.

Mteja ni nani, basi? Wengi wanaotoa mawazo juu ya utalii wa Kivu wanamwota Mzungu mwenye kamera. Mzungu huyo hatakuja karibuni, na kumjengea mipango ni kupoteza fedha. Kwa miaka mingi wageni wenye dola mjini Baraka wamekuwa watumishi wa mashirika: madaktari wa MSF, waliofika mwaka 2003, na wahudumu wa kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Lusenda, iliyofunguliwa mwaka 2015. Soko hilo nalo linapungua. MONUSCO ilihitimisha kazi yake Kivu Kusini mwishoni mwa Juni 2024, na misaada ya nje imekatwa sana tangu mwanzo wa 2025. Mteja wa kudumu ni mwingine kabisa: mwanafunzi wa sekondari, mwalimu, kikundi cha kanisa, familia iliyotoka Bukavu au Kalemie kwenye harusi, na mtoto wa Mbembe aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Nairobi au Marekani anayetaka kuona kijiji ambacho bibi yake anakitaja kila siku. Huyu wa mwisho haogopi jina la Fizi. Ana kiu nalo.

Tufanye hesabu ya mfano, siyo takwimu ya mtu. Watu 10 wanatoka Baraka asubuhi kwenda Ubwari kwa mtumbwi wa mota, kila mmoja dola 15. Jumla ni dola 150. Mafuta na mwenye mtumbwi wachukue 60, mwongozaji 25, akina mama wa kupika bugali, sombe na mikebuka 30, mfuko wa kijiji 20. Mwandaaji anabaki na 15. Ni kidogo, lakini kila dola imeshuka mwambaoni. Sasa chukua watu 3: zimeingia dola 45, na mtumbwi peke yake unataka 60. Biashara imekufa kabla ya kuanza. Kwa hiyo ziara ya aina hii haiuzwi kwa mtu mmoja mmoja. Inauzwa kwa tarehe maalumu, mara moja au mbili kwa mwezi, mtumbwi ujae. Wale wanaosafirisha ndagala na abiria siku za soko wanaijua hesabu hii kuliko mtaalamu yeyote, na wao ndio wa kuanza nao. Jambo moja tu wasilifanyie mzaha: jaketi la kuokolea kwa kila abiria. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470 na upepo wake haupigi hodi.

Gharama kubwa kuliko mafuta ni vita. Hifadhi ya Virunga ilikuwa ikiuza kibali cha kuona gorila kwa dola 400, ikiwa na askari wake, magari yake na jina duniani kote. Mei 2018 mlinzi mmoja akauawa na watalii wawili Waingereza wakatekwa. Hifadhi ilifunga milango kwa wageni hadi Februari 2019. Ziwa letu nalo lina kumbukumbu yake: Mei 1975 wapiganaji wa PRP walivuka usiku hadi Gombe, upande wa Tanzania, wakateka wanafunzi wanne waliokuwa wakifanya utafiti kwa Jane Goodall. Na leo hali ni ngumu zaidi. Bukavu ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, mapigano yakafika Uvira mwezi Desemba, na nyanda za juu za Minembwe, ndani ya teritware hii hii ya Fizi, hazijatulia kwa miaka mingi. Anayechukua mkopo mwaka huu ajenge hoteli ya watalii Baraka anajitafutia msiba. Anayetumia mwaka huu kuandaa waongozaji hapotezi kitu, kwa sababu ujuzi hauchomwi moto wala hauporwi.

Maandalizi hayo yana sehemu moja nyeti. Historia ya Fizi imejaa damu, na kila jamii ina makaburi yake. Mwongozaji anayewasimulia wageni kwamba watu fulani ndio wenye nchi na wengine ni wavamizi anauza sumu, tena anaweza kuwasha moto kijijini siku hiyo hiyo. Makobola, palipouawa mamia ya raia kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, si kituo cha kupangiwa bei. Kama familia za waliouawa zitataka wageni wafike na kuinamisha kichwa, wao ndio watakaosema lini na namna gani, na mwandaaji asichukue hata faranga moja hapo.

Serikali nayo ina sehemu yake, na haihitaji bajeti kubwa. Mgeni anayetua kwa boti akutane na dirisha moja na risiti moja, badala ya kuzungushwa meza hadi meza. Meya wa Baraka na wakuu wa sekta za Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge waandike orodha ya mahali pa kihistoria kabla viwanja havijauzwa. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Ina haki ya kukaa meza moja na Tanzania na kuomba njia ile ya misafara irefushwe hadi Kasongo, ipite kwenye mwambao wetu.

Lakini ipo kazi isiyongoja serikali wala amani. Kijana aliyekuwa na miaka 15 Wakuba walipotua Kibamba amevuka miaka 75 sasa. Wapo wazee wa Baraka, Kazimia na Fizi mjini walioyaona mapigano ya 1965 kwa macho yao, na hawatakuwepo muda mrefu. Walimu wa historia, wapeni wanafunzi wenu kazi hiyo katika likizo inayokuja: kila mmoja na simu yake, kila mmoja na mzee wake, arekodi sauti, jina la kijiji na mwaka. Bila sauti hizo, Fizi haitakuwa na kitu cha kumwonyesha mgeni siku barabara itakapofunguka.