Uso ulikwenda ofisini, maisha yakabaki studio

Kila mfanyabiashara aliyewahi kuomba mkopo, leseni au hati ya kusafiria anaijua kauli ya karani: "Lete pasipoti saizi mbili." Karani haulizi umevaa nini chini ya kola wala umempakata nani. Ofisi inataka uso tu.

Mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, yapata kilomita 100 kutoka mpaka wa Elegu wanakovukia wanaokwenda Sudan Kusini, hitaji hilo la uso lilizaa picha ambazo sijaona mfano wake. Studio kongwe ya mji huo, Gulu Real Art Studio, ilikuwa na wateja wengi waliohitaji picha moja ndogo. Mashine ya pasipoti saizi ilitoa nne kwa mkupuo, na mteja wa kipato cha chini hakuona sababu ya kulipia nne. Studio ikatafuta njia ya mkato. Mteja anaketi kitini, anapigwa picha moja ya kawaida, ikishasafishwa kinakatwa kipande chenye uso na kukabidhiwa mwenyewe. Karatasi iliyobaki, yenye tundu mahali pa kichwa, inakwenda na takataka.

Martina Bacigalupo, mpiga picha wa Italia aliyekuwa akiishi Burundi, aliyakuta mabaki hayo akaanza kuyakusanya. Mwaka 2013 yalitoka kama kitabu, na mwaka huohuo yakaonyeshwa New York.

Ukiyatazama, macho yanaanza kutafuta uso, yanaukosa, kisha yanashuka. Hapo ndipo utamu ulipo. Unaona mikono: iliyokunjwa, iliyoshika magoti, iliyomzuia mtoto asiteleze mapajani. Unaona gauni lililopigwa pasi kwa ajili ya siku hiyo. Unaona koti la suti linalojirudia kwa mtu huyu na yule, wengine likiwapwaya, kwa sababu ni koti la studio, la kuazima, ili mwombaji aonekane nadhifu mbele ya wakubwa. Hawa ni watu wa eneo lililopitia miaka ipatayo 20 ya vita ya waasi wa LRA, wengi wao wakiwa wameishi kambini. Ombi la kazi, la mkopo au la kitambulisho lilikuwa mwanzo wa kurudi kwenye maisha ya kawaida. Uso ulibandikwa kwenye fomu, fomu ikaingia kwenye faili. Maisha yalibaki sakafuni.

Nadhani kinachotuvuta kwenye picha za zamani ni kile ambacho hakuna aliyekiagiza. Mteja aliagiza apigwe yeye, lakini kamera ilichukua pia kiti, kandambili, pazia la nyuma na kivuli cha mtu aliyesimama mlangoni.

Mfanyabiashara ana faida ya ziada hapa, maana jicho lake limezoea bidhaa. Mpe picha ya studio ya miaka ya 1970 ataona saa, redio, suruali ya bugaluu na doti ya kanga kabla hajaona mtu. Swali lake la kwanza litakuwa: hivi vitu vilifikaje hapo? Swali hilo ni zito. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mwaka huo hadi 1983. Kitambaa kilichopita wakati huo kilipita njia za panya. Huenda bibi aliyetabasamu studio akiwa amevaa gauni jipya alikuwa amevaa magendo, ingawa picha yenyewe haisemi.

Serikali nazo zilipiga picha zao. Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, ilipatikana hazina ya negativu zipatazo 70,000, nyingi zikiwa kazi ya wapiga picha wa serikali ya Idi Amin. Nyingi hazikuwahi kusafishwa kamwe. Baadhi zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, mwaka 2019. Mna sherehe, ziara za rais na mikutano ya hadhara. Mna pia wafanyabiashara, lakini tazama walivyoingia: ni washtakiwa wa mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi iliyoanzishwa mwaka 1975, walioshukiwa magendo, ulanguzi au kuficha bidhaa. Kilichojulikana sana kuhusu utawala ule, yaani watu kuuawa, hakimo. Kamera ya serikali iliamua nini kionekane.

Tanzania nayo ilikuwa na msako wake wa wahujumu uchumi mwaka 1983. Kwa hiyo anayetaka kujua mchuuzi wa mpakani alivyokuwa miaka hiyo, akitegemea nyaraka za serikali peke yake, atamkuta zaidi kizimbani. Kumwona katika hali aliyoitaka mwenyewe, amechana nywele na kuweka mkono juu ya meza yenye maua ya plastiki, itabidi aende kwenye albamu ya familia au kwenye makabati ya studio.

Studio hizo zilikuwa na ufundi wao. Lamu, marehemu Omar Said Bakor, aliyejifunza kazi mwenyewe, alipachika sura za wateja ndani ya maua. Kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990 kilikuwa na vibanda vya wapiga picha vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na maghorofa. Vijana kutoka bara waliokuja pwani kutafuta kazi walisimama mbele ya ndege ya rangi ya mafuta, wakatuma picha nyumbani. Usiwacheke. Hata leo tunachagua ni kona ipi ya duka iingie kwenye picha ya simu.

Nyingine zimebahatika kudumu. Zanzibar, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ilirithiwa na mwanawe Rohit, na kuta zake barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, zimejulikana kwa picha za masultani, majahazi na watu wa mitaani. Lakini studio nyingi za miji yetu ya mpakani zilifungwa zilipokuja maabara za rangi na baadaye simu, na ni negativu chache zilizopata mtu wa kuzitunza.

Kwamba kilichotupwa Gulu kilitundikwa ukutani New York, sioni ubaya, maana mabaki yale yangekuwa majivu. Kinachonisumbua ni kwamba mtazamaji hawezi kujua hata jina moja. Albamu zetu nazo zinaelekea huko. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa, na uso wa mtu umehifadhiwa kwenye kompyuta kuliko ulivyowahi kuhifadhiwa. Picha ya shangazi akiwa na mizani yake sokoni, mwaka aliopata meza ya kwanza, haimo kwenye kompyuta hiyo.

Ukiwa nayo, mfuate mzee anayewajua waliomo kabla hajachoka. Andika nyuma majina, mahali na mwaka kwa penseli laini, bila kukandamiza, kwa sababu wino hupenya na kuchafua upande wa mbele. Itoe kwenye plastiki inayonata. Kisha ipige kwa simu karibu na dirisha, jua lisiigonge moja kwa moja, na umtumie jamaa wa ng'ambo ya mpaka. Huenda yeye ndiye anayemjua yule wa tatu kutoka kushoto, aliyebeba katoni.